Rimoti ya Mkono wa Kulia

Fundi Meno na shemeji yake walikuwa wameacha kuamkiana. Siku hizi walipeana taarifa tu. Kila Jumamosi asubuhi Fundi Meno, ambaye ni mwanamke, alipofika nyuma ya nyumba ya dada yake, kwenye stoo walimokuwa wakijenga ndege, alisema, "Nimefika," na shemeji akajibu bila kuinua uso, "Nimekuona," na maamkizi yakaishia hapo. Dada mtu, mkunga, ambaye saa hizo ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu na macho mekundu, aliwapita akaenda zake kulala. Alikuwa amekesha na watu wenye maumivu ya kweli, hakuwa na hamu ya kusikiliza watu wazima wawili wakigombania ndege isiyoweza kubeba hata paka.

Paka isingembeba, lakini ndogo haikuwa. Shemeji alipojilaza sakafuni kando yake kuipima, mbawa zilimzidi huku na huku, na shemeji ni pande la mtu. Ilikuwa na injini ya petroli, magurudumu yanayojikunja tumboni, na miaka miwili ya kazi ndani yake. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Fundi Meno. Alitengeneza meno ya bandia kwenye maabara iliyo nyuma ya hospitali, jino mojamoja, na mkono wake uliozoea kupunguza unene wa unywele ndio uliochonga mbavu zote za mbawa zile, mbavu arobaini na nne. Shemeji alileta injini, stoo na mdomo.

Huyu shemeji alikuwa mwalimu wa udereva, na watu walimwita Breki. Gari lake la kufundishia lilikuwa na pedali ya pili ya breki upande wake, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa pale, mguu juu ya pedali, akisubiri watu wakosee. Mwanafunzi akiyumba kidogo tu, Breki anaukamata usukani: "Lete hapa!" Kwa mwalimu wa udereva hiyo si tabia mbaya, imeokoa watu. Ubaya ni kwamba kazi hiyo alirudi nayo nyumbani. Mkewe akikoroga chungu polepole kuliko atakavyo yeye, lete hapa. Jirani akihangaika na ufunguo mlangoni, lete hapa. Na Fundi Meno akishika rimoti, hata kama ndege imetulia angani haina habari na mtu, haikupita dakika kabla mkono wenye saa kubwa haujapita juu ya bega lake. "Lete hapa, utaiangusha." Kabla ya hii walikuwa na ndege ndogo mbili. Fundi Meno alizijenga zote mbili kwa mikono yake, na hakuwahi kutua na hata moja.

Jambo hilo lilimkaa kooni. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: ndege hii kubwa airushe yeye, kuanzia inapoacha ardhi hadi inaporudi, bila mkono wa mtu mwingine. Hakutaka sifa wala kupigiwa makofi. Alitaka aitue mwenyewe, basi.

Na safari hii alikuwa na maandishi. Siku walipoanza ujenzi, Breki mwenyewe, kwa mbwembwe zake, aliandika kwa penseli kwenye ubao wa ukutani: Injini, chaguo la Breki. Rimoti, chaguo la Fundi Meno. Akatia sahihi chini yake. Inaelekea alidhani anamwachia shemeji yake kazi ya kuchagua rangi.

Duka la rimoti lilikuwa ghorofani, juu ya mtu anayeuza magodoro. Mwenye duka alikuwa fundi televisheni wa zamani, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na alionekana mtu ambaye wateja walimchosha tangu enzi za televisheni nyeusi na nyeupe. Alipanga rimoti sita juu ya kioo cha kaunta.

"Chaneli ngapi?" akauliza.

"Sita," akasema Breki.

"Kumi," akasema Fundi Meno.

Mwenye duka akawatazama kwa zamu. "Mmekuja pamoja?"

"Kwa bahati mbaya," akasema Fundi Meno.

Breki akainua mkono, akaanza kuhesabu vidole kwa sauti ile anayotumia kwa wanafunzi waliofeli mara tatu. "Kila chaneli ni amri moja, sivyo? Mafuta, moja. Kuinua pua, mbili. Usukani wa mkia, tatu. Kulaza ndege ubavu, nne. Vibawa vya kupunguza mwendo, tano. Kukunja magurudumu, sita. Nimemaliza. Hizo nyingine nne za nini, shemeji? Unataka ipige na honi?"

"Mbawa ni mbili, na kila moja ina mota yake. Vibawa vya kupunguza mwendo navyo viwili, na kila kimoja kina mota yake. Hesabu tena."

"Hizo mbili mbili unaziunga kwa waya mmoja, zinakuwa kitu kimoja. Watu wote wanaziunga."

"Watu wote bawa lao la kushoto halijapinda."

Breki akashusha mkono. "Limepinda nini?"

"Unene wa kucha, kwa nyuma. Nililibana siku ya mvua, gundi ikakaukia unyevu. Nikiziunga mota kwa waya mmoja, ndege itavuta upande mmoja kutwa nzima. Kila mota ikiwa na chaneli yake, nalisahihisha la kushoto peke yake, hapa hapa kwenye rimoti."

"Bawa limepinda na umenyamaza miezi minane?"

"Ningekwambia ungesema lete hapa."

Mwenye duka akaguna, na yawezekana ilikuwa kicheko. Akazirudisha kabatini rimoti nne, zikabaki mbili. "Mama yuko sahihi. Nane za kazi na mbili za akiba. Ya chaneli sita mtakuja kunirudishia baada ya mwezi mkinituhumu mimi." Akaisogeza moja mbele. "Sasa mkono. Mafuta kulia au kushoto?"

"Kushoto," akasema Breki, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Kulia," akasema Fundi Meno.

Hapo ndipo palipokuwa penyewe. Rimoti ina vijiti viwili, kimoja kwa kila dole gumba. Kimojawapo ni cha mafuta: ukikisukuma mbele injini inanguruma, ukikivuta nyuma inafifia, na hakina springi, kinabaki ulipokiacha. Cha pili kinainua pua ya ndege ukikivuta na kuishusha ukikisukuma, na hicho kina springi, ukikiachia kinarudi katikati. Kuna wanaorusha mafuta yakiwa kushoto, kuna wanaorusha yakiwa kulia, na mtu akishazoea upande wake, dole gumba haliulizi kichwa tena. Fundi Meno alifundishwa na marehemu baba yake, mafuta kulia. Breki alijifunzia uwanjani ukubwani, mafuta kushoto, na rimoti zao mbili za nyuma zilikuwa za mkono wake yeye. Fundi Meno alizirusha kwa tabu, akiwaza kila hatua kabla ya kuitenda, na ndiyo maana alionekana mzito. Kwa hiyo swali la mwenye duka halikuwa la rimoti hata kidogo. Lilikuwa swali la nani atakayerusha ndege.

Breki alilielewa upesi, hilo sitamnyima. Shingo ikamvimba. "Uwanja mzima ule tunarusha kushoto. Wote! Ukishikwa na matatizo huko juu, nani atakusaidia na rimoti ya kinyumenyume?"

"Sitaki kusaidiwa."

"Kila anayeingia garini mwangu anasema hivyo. Halafu tunaokota vioo."

"Mimi si mwanafunzi wako. Na rimoti ni chaguo langu, umeandika kwa mkono wako huo huo wa kushoto."

"Nimeandika kwa wa kulia!"

"Basi umeona, nao unafaa kwa kitu."

Mwenye duka akapiga kaunta kwa kiganja. "Nyie! Mnagombana bure. Hii inageuka. Unafungua mgongo, skurubu nne, unahamisha springi kutoka kijiti hiki kwenda hiki, unabadilisha na kwenye menyu yake. Nusu saa. Jumamosi ya kwako, Jumapili ya kwake, watu wanaishi."

"Hapana," wakasema wote wawili kwa pamoja, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana mwaka ule.

Kisha Breki akaitazama rimoti, akazitazama skurubu zile nne mgongoni mwake, na uso wake ukalainika ghafla. "Lakini basi," akasema, "maandishi ni maandishi. Achukue ya kulia. Sina neno."

Fundi Meno alimjua shemeji yake. Mtu yule hakuwahi kukosa neno tangu amwoe dada yake, na tabasamu lile alikuwa nalo siku alipomwambia mkewe kwamba kochi jipya limepotea njiani. Akaelewa papo hapo kwamba rimoti ikilala usiku mmoja stoo, itaamka imegeuzwa. Akaichukua, lakini stoo hakuipeleka. Jumatatu alikwenda nayo kazini.

Kwenye maabara ile wana unga wa waridi unaokorogwa na maji yake maalumu, ukaganda ukawa fizi za bandia. Mteja anaweza kutafuna nazo mifupa miaka kumi zisipasuke. Wakati wenzake wamekwenda kula mchana, Fundi Meno alikoroga kidogo kwenye kikombe cha mpira, akaibana rimoti katikati ya magoti, na kwa kijiko chake chembamba akayajaza matundu yote manne ya skurubu. Akasawazisha juu kwa kidole chenye maji. Akangoja ukauke, akaupiga msasa mpaka ukang'aa. Kazi nzuri hata yeye mwenyewe ilimfurahisha, maana roho mbaya ikipata ufundi hufanya usafi wa ajabu.

Jumamosi iliyofuata aliiweka mezani stoo, kifudifudi. Breki alikuwa na bisibisi ndani ya mfuko wa shati, kipini kimechungulia nje.

"Hii nini?" akauliza.

"Fizi."

"Fizi!"

"Fizi, shemeji. Unaweza kujaribu kuzing'oa, lakini utang'oa pamoja nazo mgongo mzima."

Breki aliigeuza rimoti mara mbili, akaikwaruza kwa ukucha. Aliponyanyua uso alikuwa amebadilika, na alichosema alikisema polepole, amekipima. "Sasa najua kwa nini hakuna aliyeweza kukaa na wewe nyumba moja. Kila kitu wewe unakiziba. Baba yako mwenyewe alikufa akiwa hospitali, siyo kwako."

Baba yake alifia hospitali kwa sababu hospitali ndiko wanakotibiwa watu, na Breki alilijua hilo, ndiye aliyewaendesha. Fundi Meno alimchukia mtu yule siku ile kwa namna ambayo hakuwahi kumchukia mtu, akamchukia mpaka saa yake, mpaka kikohozi chake.

Dada mtu akatokea mlangoni, taulo kichwani. Hakuwa ameyasikia yote lakini alisikia ya kutosha. Aliusoma ubao wa ukutani, akamtazama mumewe. "Uliandika mwenyewe. Muache arushe."

"Arushe," akasema Breki. "Mimi nitasimama nyuma yake. Siku ya kuiangusha, nataka uwanja mzima uwe umefungua macho."

Wiki tatu zilizofuata Fundi Meno aliiunga rimoti kwa waya kwenye kompyuta yake, akarusha ndege ya kwenye kioo kila jioni. Alitua mara mia mbili na kumi. Za mwanzo zilikuwa aibu. Kuanzia ya sabini dole gumba la kulia lilianza kukumbuka lilichofundishwa utotoni, likaacha kumwuliza kichwa. Ya mia mbili na kumi aliitua huku akiongea kwenye simu.

Siku yenyewe walikwenda uwanjani kwa gari moja, maana ni gari la Breki tu lililokuwa na nafasi ya kulaza mbawa. Dada mtu alikaa katikati kwa hiari yake. Uwanja ulikuwa nje ya mji, kipande cha lami kilichoachwa, na nyasi fupi pande zote, na mwisho kabisa mstari wa miti unaokorofisha upepo. Walikuwepo wana klabu kumi na wawili na katibu wao, mstaafu wa posta, ambaye alikagua ndege, akakagua rimoti, akaona fizi za waridi, akafungua mdomo, akaufunga.

Fundi Meno alijivika mkanda shingoni, akaitundika rimoti kifuani kwa kindoano cha chuma. Uwanjani pale hakuna aliyetumia mkanda, waliona ni mambo ya wageni. Yeye aliuvaa kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa imesimama hatua moja nyuma yake ikimpumulia kisogoni. Rimoti iliyofungwa mwilini haichukuliki kwa mkono mmoja.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Akasukuma dole gumba la kulia, ndege ikakimbia, mkia ukainuka, magurudumu yakaacha lami. Nikuambie alivyojisikia? Alijisikia mwepesi, akataka kucheka kwa sauti, akajizuia kwa sababu ya watu. Akakunja magurudumu. Akalaza ndege kushoto, ikaitika, akairudisha, ikaitika. Bawa lililopinda halikuvuta popote, chaneli yake ilikuwa inalishikilia.

"Imeinama," akasema Breki nyuma yake. "Inyanyue. Unakwenda mbali. Mafuta. Mafuta, nakwambia!"

Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Katibu akasema "Safi," na mtu mwingine akasema "Mama kumbe!" Dada mtu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja upande wa kulia, mkono juu ya macho, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anatabasamu. Uliobaki ulikuwa mzunguko mmoja, kisha kutua.

Kwenye mzunguko huo wa tatu, ndege ilipopita juu ya miti, upepo uliisukuma, bawa la kushoto likashuka na pua ikainama. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Fundi Meno aliliona hata kabla halijaisha kutokea, na madole gumba yake yalikwisha anza kazi.

"Inaanguka! Lete hapa!"

Mikono miwili ya Breki ikapita mabegani mwake, ikaishika rimoti, ikavuta. Mkanda ukamkata shingo. Rimoti haikutoka. Breki akavuta tena, na Fundi Meno akageuza kichwa akamwona usoni, karibu kabisa, jasho juu ya mdomo, macho yameganda angani. Alikuwa na hofu ya kweli. Hakuwa anamfanyia kusudi.

Fundi Meno alikuwa na muda. Watu husema mambo ya namna hii hutokea kufumba na kufumbua, lakini yeye alikuwa na muda wa kuwaza yote. Aliweza kung'ang'ania, mkanda ulikuwa imara, na mikono yake ilikuwa bado juu ya vijiti. Na alijua madole gumba ya Breki yatafanya nini. Ndege imeinamisha pua, kwa hiyo atavuta kijiti cha kulia ili kuinyanyua, na cha kulia ni mafuta. Injini itafifia. Pua itazidi kushuka. Atasukuma cha kushoto mbele ili kuongeza nguvu, na cha kushoto ndicho cha pua. Kisha hakuna kitakachobaki. Watu kumi na wawili na katibu wao wataona ni nani aliyeiangusha.

Akapeleka kidole kwenye kindoano, akakifungua.

Breki aliyumba nyuma na rimoti mikononi. Injini ikafifia. Pua ikashuka. "Panda!" akapiga kelele, akavuta kwa nguvu zaidi. "Panda, wewe!" Kisha akasukuma cha kushoto mbele mpaka mwisho, na ndege ikapiga mbizi wima, ikaingia ardhini kwenye nyasi tupu ng'ambo ya lami. Mlio ulifika baadaye kidogo. Breki alibaki anavitikisa vijiti, cha kulia, cha kushoto, cha kulia.

Kitu cha kwanza alichokihisi Fundi Meno kilikuwa furaha. Ilimpanda ikiwa ya moto, na kwa kitambo kizima hapakuwa na kingine. Umeonekana, alisema moyoni. Uwanja mzima umefungua macho. Ndipo akaona kipande cha mbavu alizozichonga, cheupe, kikining'inia kwenye kijiti cha nyasi mbali kule, na furaha ikamtoka yote kwa mkupuo.

Breki aliiweka rimoti kwenye mikono yake bila kumtazama, akakimbia kuelekea kwenye mabaki. Wana klabu wakamfuata. Dada mtu hakukimbia. Alikunja kiti chake, akakiegemeza kwenye gari, akaja akasimama mbele ya mdogo wake.

"Nimekuona," akasema.

"Umeona nini?"

"Kidole chako kwenye kindoano."

"Alikuwa ananivuta shingo, dada. Tazama." Akaonyesha alama nyekundu.

"Alikuwa anakuvuta, ndiyo. Lakini kwanza uligeuka ukamtazama, ndipo ukafungua. Nimezalisha miaka ishirini na mbili. Uso wa mtu anayeumia naujua, na wa mtu anayeamua naujua."

Fundi Meno alitaka kusema kuhusu baba yao, kuhusu kile Breki alichosema stoo, kuhusu ndege mbili ambazo hakuzitua. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililojibu. "Angeivunja tu," akasema mwishowe. "Ningeng'ang'ania tungevutana, ingeanguka vile vile."

"Unaamini hivyo?"

Fundi Meno akauvua mkanda shingoni.

"Akirudi mwambie," akasema dada yake. "Sitamwambia mimi. Ni shemeji yako, alikukosea, nitamsema nikifika nyumbani na atanisikia. Lakini hili la leo mwambie wewe."

Breki alikuwa anarudi. Alikuwa amebeba injini mikononi, imejaa udongo, mafuta yanamchuruzika kwenye shati. Wana klabu walimpisha kama wanavyompisha mfiwa. Fundi Meno alimtazama akija na akagundua kwamba hajawahi kumwona mtu huyu akitembea polepole. Alifika, akasimama, akajaribu kuongea, ikambidi aanze upya.

"Ulikuwa umeiweza," akasema. Alisema kwa sauti, katibu na wote wakisikia. "Nilikuwa naona kabisa umeiweza. Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Na yale niliyosema stoo kuhusu mzee, sijui yalinitokaje, silali vizuri tangu siku ile." Akaitazama injini mikononi mwake. "Nimekuvunjia ndege yako, shemeji. Nisamehe."

Ndege yako. Miaka miwili hakuwahi kulisema neno hilo. Fundi Meno alisikia watu wakijikohoza, wakitazama chini, wakimwonea huruma yeye. Dada yake alikuwa amesimama hatua tatu pembeni, mikono kifuani, anamngojea.

Maneno yalikuwa machache tu. Nilifungua mimi. Alikuwa nayo, yalikwisha fika kwenye meno. Akautazama uso wa Breki, uliokuwa umenyooka na kunyenyekea mbele ya watu wote wale, na akaona kwamba akiyasema, uso ule utarudi kuwa vile ulivyokuwa, na wake ndio utakaoinama.

"Nimekusamehe," akasema.

Breki akaitikia kwa kichwa, machozi yakamlengalenga. Dada yake akashusha mikono. Alimtazama mdogo wake kwa muda, si kwa hasira, kama anavyomtazama mtu asiyemjua anayemwuliza njia. Kisha akaipokea injini kutoka kwa mumewe, akaiweka sakafuni mwa gari, akamfungulia mlango.

"Twende nyumbani," akamwambia. "Huyu atapata mtu wa kumpeleka."